Mji wa Pande 28

Teksi kutoka Montgomery hadi Tuskegee ilikuwa dola 90. Naanza na bei kwa sababu bado inaniuma. Ni kilomita sitini na kitu, umbali ambao kwetu matatu ingenibeba pamoja na mkungu wangu wa ndizi na nikabakiwa na pesa ya chai. Huko Alabama hakuna matatu. Basi la usiku lilinibwaga Montgomery alfajiri, shingo imekakamaa, na dereva wa teksi akaniapia kwamba jioni nikitaka kurudi nimpigie tu, atakuja.

Safari yenyewe ilikuwa ya babu. Babu alikuwa mwalimu wa Jeanes, mpango wa kuwafunza walimu wa vijijini. Alisomea Kabete, Kenya, katika shule iliyofunguliwa 1925, kisha akawa anazunguka shule za vijijini akihimiza bustani, vyoo na matofali. Nyanya alizoea kumcheka: "Walimchukua mwana wa mkulima wakamfundisha kulima." Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba mpango huo ulitoka Marekani Kusini. Tume ya elimu ya Phelps-Stokes, ya Wamarekani, ilipopita Afrika Mashariki 1924, mwalimu Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) akiwamo, ilikuja na mfano wa Tuskegee na Hampton, vyuo vya Weusi huko Kusini: Mweusi apewe kwanza kazi ya mikono, siasa ingoje. Wakoloni walilipenda hasa hilo neno la kungoja. Wazee wetu wa Ugikuyu, ambao walitaka watoto wasome vitabu na Kiingereza, walichoka kungoja wakajijengea shule zao wenyewe.

Basi nilitaka kuona chimbuko la matofali ya babu. Booker T. Washington, aliyezaliwa mtumwa Virginia, alianza Tuskegee 1881 na wanafunzi 30. Matofali waliyachoma wenyewe. Tanuri la kwanza likaharibika, la pili, la tatu. Hela zikaisha. Akaenda Montgomery akaweka saa yake rehani kwa dola 15, na tanuri la nne likakubali. Nilipapasa ukuta mmoja kwa muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza kama niko sawa. Kaburi lake liko hapo chuoni, na la mwanasayansi George Washington Carver halipo mbali. Sandwichi, dola 12, mkate mkavu.

Saa kumi na moja jioni nikampigia dereva wangu. Simu iliita mpaka ikachoka. Nikajaribu programu ya teksi kwenye simu. Ikazunguka, ikazunguka, ikaniambia hakuna gari karibu. Nikashuka hadi uwanja wa katikati ya mji, nikaketi kwenye kivuli cha sanamu. Ilinichukua robo saa kuinua macho na kumtambua niliyeketi chini yake: askari wa jeshi la Kusini, lile lililopigania utumwa ubaki. Na kila aliyepita pale alikuwa Mweusi kama mimi.

"Hiyo bustani si yetu," ilisema sauti kutoka kwenye gari lililosimama. Mama wa miaka sabini na ushei, kofia ya kanisani kichwani. Alinieleza kwamba zamani kaunti iliwapa kipande hicho kina mama wa Kizungu, warithi wa wanajeshi hao, ndiyo maana sanamu ilikuwa imegoma kuondoka. Akaniuliza nimepotea. Nikamweleza habari za dereva. "Panda, mwanangu. Nitakufikisha Montgomery. Lakini kwanza nikuonyeshe kitu."

Tulizunguka mitaa karibu saa nzima. Kushoto, kulia, kushoto tena, hata nikadhani kachanganyikiwa. Akasimama mbele ya nyumba ya matofali mekundu. Baba yake, mwashi aliyefunzwa chuoni, ndiye aliyeijenga. "Mwaka 1957 nilikuwa na miaka tisa. Tulilala mjini, tukaamka nje ya mji. Na nyumba haikusogea hata inchi."

Bunge la Alabama lilikuwa limeuchukua mji wenye umbo la mraba likaukatakata mipaka hadi ukawa na pande 28. Wapiga kura Weusi walikuwa kama 400. Ndani wakabaki wanne au watano. Mzungu hakutolewa hata mmoja. Chuo kizima, na matofali yake yote, kikaachwa nje. Tena waliotolewa hawakuwa wazembe. Walikuwa mafundi, walimu, watu wa hospitali ya wanajeshi wastaafu, wenye nyumba zao. Walikuwa wamefanya yote aliyoyahimiza Washington, na kosa lao ni kwamba yalifanikiwa: walikaribia kuwashinda Wazungu kwa kura.

Mama yake aliacha kununua hata uzi katika maduka ya Wazungu wa mji ule. Mji karibu mzima wa Weusi uliwasusia. Charles Gomillion, mwalimu wa chuo hicho hicho, akampeleka meya mahakamani, na 1960 Mahakama ya Juu ya Marekani ikawa upande wake.

Njiani nikakumbuka hotuba ya Washington ya Atlanta, 1895: katika mambo ya kijamii tuwe mbalimbali kama vidole, katika maendeleo tuwe kitu kimoja kama mkono. Nikamwambia mama kwamba kwetu husemwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ilibidi nimfafanulie chawa. Alicheka hadi gari likayumba.

"Mwaka ule, mwanangu, chawa tulikuwa sisi."

Nilitaka kumsimulia babu, ambaye alizeeka bila kutaka kabisa kuzungumzia siasa, na jinsi tulivyomwona mwoga. Sikujua nianzie wapi. Nikanyamaza, nikaangalia misonobari.

Montgomery nikashuka nikishukuru kwa maneno mengi. Mkono wake ulibaki umenyooshwa dirishani. "Dola 40. Petroli sikupewa bure." Nikazihesabu, naye akazihesabu tena.

Saa tano usiku simu ikaniamsha. Dereva wa teksi. Bado niko Tuskegee? Anaweza kuja sasa hivi, ila kwa kuwa ni usiku itakuwa dola 110.