Kuomba jalada lako kwa serikali ya Marekani

Anayetaka kuona nyaraka zinazomhusu katika taasisi za serikali kuu ya Marekani ana sheria mbili za kumtetea, na wengi huitumia moja wakaisahau nyingine. Ya kwanza ni Sheria ya Uhuru wa Habari, iliyotiwa saini na Rais Lyndon Johnson tarehe 4 Julai 1966. Ya pili ni Sheria ya Faragha ya mwaka 1974, iliyopitishwa wakati nchi ingali imetikiswa na kashfa ya Watergate.

Ile ya kwanza ni ya kila mtu: haiulizi uraia wala sababu ya kuomba, na hata mgeni aliye ng'ambo anaweza kuitumia. Ya pili inawahusu hasa raia na wakazi wa kudumu, tena kwa rekodi zao wenyewe, lakini inawapa haki ambayo ya kwanza haina, yaani kudai kosa lililomo kwenye rekodi hizo lisahihishwe. Kwa hiyo raia au mkazi wa kudumu anayeomba jalada lake azitaje zote mbili katika barua moja, kwa kuwa taasisi haiwezi kumnyima waraka kwa kisingizio cha sheria moja ilhali nyingine inamruhusu kuupata.

Kazi yenyewe imo katika kuliandika ombi. Sheria inatoa rekodi zilizopo. Haiilazimishi ofisi kujibu maswali wala kutunga waraka mpya. Anayeandika "Kwa nini nilikataliwa ukazi?" ameuliza swali, na hatapata kitu. Anayeomba maelezo ya maofisa, barua na kumbukumbu za mahojiano zilizomo katika jalada lake la uhamiaji, kuanzia mwaka fulani hadi mwaka fulani, amemwonyesha karani mahali pa kutafuta. Aandike pia tarehe ya kuzaliwa na majina yote aliyowahi kutumia, pamoja na tahajia zake zote, kwa sababu Mohamed na Muhammad huweza kuwa watu wawili katika kompyuta. Atatakiwa kuthibitisha kuwa ndiye mwenyewe, na sharti hilo naliunga mkono kwa moyo wote: ndilo linalomzuia mtu mwingine kulichukua jalada lako.

Hakuna ofisi moja inayopokea maombi yote. Kila taasisi hupokea ya kwake, na polisi wa mji au mahakama za jimbo hazimo kabisa katika sheria hizi.

Taasisi ina siku 20 za kazi za kujibu, ingawa ucheleweshaji ni jambo la kawaida. Kurasa zikifika, huenda zikawa na mistari iliyofunikwa, kwa kuwa sheria ya mwaka 1966 inataja aina 9 za habari zinazoweza kuzuiwa, faragha ya watu wengine ikiwemo. Kulificha jina la shahidi ni haki. Kuuzuia ukurasa mzima kwa ajili ya jina hilo si haki, maana sheria inaagiza sehemu inayoweza kutenganishwa itolewe. Hapo ndipo pa kukata rufaa, ndani ya muda uliotajwa kwenye barua ya majibu, ambao haupungui siku 90. Hata jibu la "hatukupata kitu" hukatiwa rufaa: mwombaji aeleze ni idara gani haikutafutwa, na kwa nini anaamini rekodi zimo humo.