Unga wa Njano wa Atlanta na Ule Usioonekana

Kila ikifika katikati ya Machi, simu yangu hujaa picha za magari. Gari jeusi limegeuka la njano kwa unga, mtoto ameandika jina lake kwa kidole juu ya boneti. Wanaonitumia ni Watanzania, Wakenya na Wakongo wenzangu wa Clarkston, Stone Mountain na Marietta, miji ya jirani na Atlanta hapa Marekani, na swali ni lilelile: dada, hiki ndicho kinachonipigisha chafya?

Kwa wengi wetu, hapana. Unga ule ni chavua, yaani mbegu za kiume, ya misonobari, na katika jimbo letu la Georgia misonobari iko kila kona. Punje zake ni kubwa, ndiyo maana unaziona zimetanda barazani na kwenye madimbwi, lakini wenye mzio (aleji) nazo ni wachache. Wanaotutesa ni mialoni na miforosadi na miti mingine inayochanua wakati huohuo, ambayo chavua yake ni ndogo mno, macho hayaioni. Kwa hiyo unaweza kuosha gari leo likang'aa, na usiku bado ukakosa usingizi. Mimi siangalii gari, naangalia hesabu ya chavua inayotolewa asubuhi. Kwa miti, punje 1,500 katika mita moja ya ujazo ya hewa tayari ni hali mbaya sana. Tarehe 29 Machi 2025 hapa Atlanta zilihesabiwa 14,801. Rekodi iliyokuwepo, ya Machi 2012, ilikuwa 9,369.

Kinachowachanganya watu wetu zaidi ni kwamba walipofika hawakuwa na tatizo lolote. Mimi pia miaka ya mwanzo nilikuwa mzima, nikatembea chini ya miti ile bila hata chafya. Ukiugua baadaye unaanza kutafuta mchawi: chakula, kazi ya ghala, zulia la nyumba. Ukweli ni kwamba mzio hujengeka. Mwili hukutana na chavua ngeni msimu baada ya msimu, ukishaihesabu kuwa adui hutengeneza kingamwili dhidi yake, na kuanzia hapo kila ukiivuta unamwaga histamini: macho yanawasha, pua inachuruzika. Ndiyo maana kwa wahamiaji mzio huonekana zaidi kadiri wanavyokaa. Si udhaifu wako, wala hakuna aliyekuroga.

Jirani yangu, mama wa kutoka Uvira, alinijia macho yamevimba. Alikuwa anakunywa tangawizi na limau, na ameanza vidonge vya antibayotiki vilivyobaki nyumbani. Nikamuuliza: una homa? Hana. Kamasi? Maji matupu. Kaakaa linawasha? Linawasha mpaka masikioni. Na hali hiyo imeendelea kwa wiki kadhaa. Mafua hayakai hivyo, na antibayotiki haina kazi hapo. Tulipotoka barazani nikaona mashuka yake yameanikwa kwenye vyuma, kama sisi sote tulivyozoea. Nikapitisha kidole kwenye foronya, kikatoka na unga. Kama ule unaoonekana umeshika hivyo, usioonekana nao umo, na yeye analalia usiku kucha.

Kuanika nje, basi, kusubiri mpaka Mei. Na kichwa pia. Misuko inashika chavua vibaya sana, kwa hiyo nikitoka nafunga kitambaa, nikirudi nabadilisha nguo mlangoni, na silali kabla ya kuoga. Madirisha nayafungua baada ya mvua ya kutosha, si asubuhi ya jua na upepo, hata kama hewa inavutia namna gani.

Dawa ina wakati wake. Ile ya kupulizia puani yenye steroidi hufanya kazi vizuri baada ya siku kadhaa za kuitumia mfululizo, pengine hata wiki mbili, kwa hiyo mimi naianza Februari, kabla pua haijaziba. Elekeza ncha upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua, la sivyo itatoka damu. Kwa vidonge, setirizini au loratadini. Piriton tuliyokulia nayo inaleta usingizi, na dereva wa zamu ya usiku hapaswi kuimeza kabla ya kushika usukani. Ukisafisha pua kwa maji ya chumvi, tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyotoneshwa (“distilled”). Ya bomba yanaweza kubeba amiba anayeua, akiingilia puani.

Na usidhani msimu utakuwa mfupi. Kati ya 1990 na 2018, msimu wa chavua Amerika Kaskazini ulirefuka kwa siku 20 hivi, sababu kubwa ikiwa ni joto la dunia. Miti ikimaliza, nyasi zinaanza, na kuanzia Agosti yanakuja magugu. Daktari wa mzio anaweza kukupima ngozi akakuambia ni lipi linalokuhusu.

Ninachowasihi wazazi ni kifua. Mtoto anayekohoa usiku msimu huu, au anayepumua kwa mluzi, apelekwe akapimwe pumu, na shule iwe na inhela yake pamoja na fomu ya daktari. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo ikigeuka rangi, piga 911, namba ya dharura, papo hapo. Kama Kiingereza kinakuwa kigumu, sema “Swahili” na usikate simu. Vituo vingi huunganisha mkalimani.