Kamba ya katani ndiyo iliyonifundisha DNA inavyojinakili

"Kariri tu, maswali hayabadiliki." Kila niliyemwendea nikiwa kidato cha sita aliniambia hivyo. Nikakariri majina ya vimeng'enya vinavyonakili DNA, ile molekuli ya nyuzi mbili zilizosokotana inayobeba urithi: helikesi, praimesi, polimeresi, ligesi. Mtihani wa majaribio ukauliza kwa nini uzi mmoja wa DNA hunakiliwa mfululizo na mwenzake vipande vipande. Nikayataja majina yote manne, nikapata sifuri. Ushauri ule unanikera hadi leo.

Nilianza na zipu ya jaketi kuukuu. Ilifunguka vizuri, lakini haikunijibu kitu: haijasokotwa, na pande zake zote zinaelekea kumoja. Nyuzi za DNA zimelala mzungu wa nne. Kila uzi una ncha mbili zisizofanana, ziitwazo ya 5 na ya 3; penye ncha ya 5 ya huyu, pana ncha ya 3 ya yule.

Nikanunua kamba ya katani, kama elfu mbili hivi, nikasokota nyuzi mbili na kufunga ncha moja kwenye nguzo ya baraza. Ile nyingine nikaanza kuitenganisha kwa nguvu, mimi huku, mdogo wangu kule. Hatujafika katikati, kamba ikagoma.

"Dada, mbona inajisokota mafundo huko mbele?"

Niliruka kwa furaha! Helikesi, kimeng'enya kinachotenganisha nyuzi, ikifungua, msokoto hauna pa kwenda, unabanana mbele. Ndiyo maana kuna topoisomeresi: inakata, inaachia msokoto, inaunga tena. Dawa ya siprofloksasini huizuia kazi hiyo ndani ya bakteria, wakashindwa kujinakili. Hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Basi nikalaza nyuzi sakafuni, nikazichorea mishale ya chaki kutoka ncha ya 5 kwenda ya 3, mmoja ukienda huku na mwingine kule. Mdogo wangu akawa helikesi, nami nikawa polimeresi, mjenzi wa uzi mpya. Yeye huongeza kwenye ncha ya 3 ya uzi mpya tu, kwa hiyo hutembea kinyume na mshale wa uzi anaousoma. Upande wa kwanza nilimfuata mdogo wangu akifungua, bila kusimama. Upande wa pili kila hatua ilinipeleka mbali naye. Akifungua zaidi, lazima nirudi mbio alipo na kuanza kipande kipya. Nilirudi mara saba, jasho likinitoka, na jibu la mtihani nilikuwa nalikanyaga kwa miguu.

Kila mwanzo wa kipande tuliweka harage. Polimeresi hawezi kuanza patupu. Ni kama mtu ajuaye kuendeleza ukili ulioanzwa na mwingine. Mwanzo huo, harage letu, ni kipande kifupi cha RNA, jamaa ya DNA, kinachowekwa na praimesi. Baadaye huondolewa, pengo likajazwa DNA, na ligesi akaunga. Vipande hivyo huitwa vya Okazaki, kwa heshima ya Reiji na Tsuneko Okazaki, mume na mke wa Japani waliovigundua miaka ya 1960. Kwetu binadamu kimoja kina nyukleotidi, yaani viungo vidogo vinavyounda uzi, kama 100 hadi 200; kwa bakteria hufika 1,000 hadi 2,000.

Mtihani wa mwisho nilichora mishale kabla ya kuandika jina lolote. Kamba ninayo bado. Akija mwanafunzi kuuliza, namshikisha ncha moja kwanza.