Simu ya shangazi ilipoacha kuitika

Tanga, Jumapili usiku

Shangazi yangu ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshazimika, la kulia linapata mwanga na vivuli tu, na daktari alimweleza bila kuficha kwamba uoni uliopotea haurudi. Matone anayotia asubuhi na jioni ni ya kushusha presha ndani ya jicho ili kilichobaki kisiende nacho. Matone hayo yanataka saa yake, na anayemkumbusha saa ni msaidizi wa sauti aliye kwenye simu. Humwambia ampigie mwanawe aliyeko Muheza, humuuliza saa ngapi, humtuma aweke kengele. Amri zote amezikariri kwa Kiingereza, yeye aliyetumia umri wake kwenye cherehani pale Ngamiani na hakuwahi kukihitaji.

Wiki hii simu iliacha kuitika. Habari nilizipata kwa mtoto wa jirani, kwa sababu shangazi mwenyewe hakuwa tena na njia ya uhakika ya kunipigia. Hilo limenikaa moyoni kuliko yote yaliyofuata. Chombo kilipoharibika, kilimfungia na mlango wa kutokea kwenda kuomba msaada.

Nilipofika nikatoa shikamoo, akaitikia, na kabla sijakaa akaanza kunieleza. "Mwanangu, haijawa bubu, imekuwa kiziwi. Nikipigiwa inalia, meseji zikiingia nazisikia, ila nikiiita haiitiki." Maneno hayo yalipunguza kazi mno. Bando likiisha, msaidizi wa sauti huwa anasikia jina lake, anatoa mlio wake, halafu anashindwa kuleta jibu, kwa kuwa kulitambua neno la kumwita hufanyika ndani ya simu yenyewe na majibu mengi ndiyo yanayohitaji intaneti. Hapa hata ule mlio haukuwepo. Kwa hiyo tatizo lilikuwa kwenye kusikia.

Jirani alikuwa ameshaipeleka kwa fundi. Fundi akaichomeka chaji mezani kwake, akaiita, ikaitika, akairudisha na kusema haina neno. Ilipofika nyumbani ilikuwa nzima hadi siku iliyofuata, kisha ikanyamaza tena. Watu wakaanza kumwambia shangazi labda sauti yake imebadilika kwa uzee. Hilo lilimwumiza, niliona.

Nilipitia yale ya kawaida. Nilimpigia kwa simu yangu nikiwa uani, nikamsikia vizuri kabisa, maana yake maiki inafanya kazi na tundu lake halijaziba kwa vumbi. Ruhusa ya maikrofoni ilikuwepo. Msaidizi aliyechaguliwa kwenye mipangilio alikuwa yuleyule. Nikaizima na kuiwasha, bila mabadiliko. Ningeweza pia kumrekodi upya sauti yake, maana simu huhifadhi sampuli ya sauti ya mwenyewe ili isiitike kwa kila mpita njia, lakini kwanza nikamwuliza swali moja: inakuwa hivyo siku nzima?

Akafikiri. "Hapana. Asubuhi nikiamka swala huwa inaitika. Ikishapita adhuhuri ndiyo inakuwa kiziwi." Mtoto wa jirani, aliyekuwa kachuchumaa karibu yetu akimenya chungwa, akadakia: "Na ikishakuwa kiziwi, kioo kinageuka cheusi."

Hapo nikaenda moja kwa moja kwenye betri. Umeme ulipokuwa ukikatika mara kwa mara, kijana mmoja mwenye nia njema aliiwekea kiokoa betri kijiwashe chenyewe chaji ikishuka chini ya nusu. Kiokoa betri kinapowaka, kinageuza mandhari kuwa meusi, kinapunguza kazi za nyuma ya pazia, na pamoja na hayo kinamzima yule msikilizaji anayengoja kuitwa. Ukichomeka chaji, kinajizima. Ndiyo maana kwa fundi simu ilipona, na ndiyo maana kila asubuhi, baada ya kulala kwenye chaji, iliitika.

Nimewaza sana juu ya hili njiani nikirudi na baiskeli. Simu ilitoa taarifa yake yote kwa rangi na kwa alama ya betri juu ya kioo, kwa mtu asiyeona kioo. Mimi naamini kwamba chombo kinachosaidia kwa sauti kinapaswa kuaga kwa sauti. Sentensi moja tu, "ninaacha kusikiliza, chaji imepungua", ingemwokoa shangazi na wiki ya kupitwa na matone. Na ingefaa iwe ya Kiswahili. Siri, msaidizi wa sauti wa simu za Apple, alipotoka mwaka 2011 alianza na Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Uandishi wa kusema wa Google, unaogeuza maneno unayotamka kuwa maandishi, ulipokea Kiswahili mwaka 2017, ukimaanisha simu zinaweza kutusikia tukiongea lugha yetu. Wazee kama huyu ndio waliokuwa wa kufikiriwa kwanza, maana kwao sauti ndiyo kioo.

Nimezima huko kujiwasha kwenyewe. Nimemwonyesha pia kubonyeza kitufe cha kuwashia kwa muda, ambako kwenye simu yake humfungua msaidizi bila kumwita, hata kiokoa betri kikiwa kinafanya kazi. Kidole chake kilikijua kitufe mara moja. Mikono ya mshonaji haisahau. Mtoto wa jirani tumempa kazi ya kuangalia chaji akitoka shule, na anaiona kazi kubwa.

Jumamosi nitarudi kumwekea TalkBack, ile huduma ya Android inayosoma kwa sauti kila unachogusa kwenye kioo. Itachukua muda kuizoea, kwa sababu namna ya kugusa inabadilika: mguso mmoja husoma, miwili hufungua. Nilipomweleza akaniuliza kama itamsomea meseji za kikoba chao, kwa kuwa hadi sasa husomewa na watu, na hesabu ya hisa zake angependa aisikie peke yake. Nimemjibu itamsomea, na tutaanzia hapo.