Namugongo, simu ikiita

Tulitoka Bukoba kabla hakujapambazuka, basi zima ni mahujaji wa kwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na mpango ulikuwa rozari hadi Mutukula bila kusimama. Tulivuka daraja la mto Kagera pale Kyaka, mahali ambapo jeshi la Idi Amin lililipua daraja mwaka 1978, tukiwa kwenye Matendo ya Uchungu. Hapo ndipo ujumbe wa shemeji ulipoingia. "Unakwenda kula hela za watoto Uganda. Ukirudi utakuta ukoo umeshakaa."

Wasomaji wa Kagera hawahitaji kuelezwa. Mume wangu amefariki, kibanja, shamba letu la migomba, kimebaki, na ndugu wa mume wanasema kibanja ni cha ukoo, mimi nilikuja tu. Ujumbe ulinikuta kwenye Salamu Maria ya sita au ya saba, sikujua tena, kidole kikabaki kwenye punje moja na wenzangu wakanipita. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, aliyekaa kando yangu, akaninong'oneza, "Zima hiyo, mama." Sikuzima. Nyumbani nimeacha mtoto mwenye pumu.

Mpakani foleni ilikuwa ndefu lakini ilikwenda. Kyotera, Masaka, sikumbuki chochote zaidi ya migomba.

Lukaya naikumbuka. Basi halijasimama sawasawa, wauza vyakula wamevalia makoti yao yenye namba wanaligombea, mishikaki inapenya dirishani, gonja, ndizi za kuchoma, za moto zimefungwa kwenye karatasi, mmoja amenining'inizia paja la kuku mbele ya pua na anadai hela kana kwamba nimekwisha kulila. Jirani yangu wa mbele alikuwa akiongoza litania. Alitaja mtakatifu, akanunua gonja, akadai chenji kwa Kiganda kibovu, akataja mtakatifu anayefuata. Nilicheka, na kwa mara ya kwanza tangu Kyaka nikaitikia kwa sauti: utuombee.

Namugongo tulifika jioni ya tarehe 2 Juni. Sitaeleza wingi wa watu. Aliyewahi kufika anajua, asiyefika hataamini. Wapo waliotembea kwa miguu wiki nzima na zaidi, miguu imevimba, wamelala kwenye majani huku vipaza sauti vikiimba juu ya vichwa vyao. Nilitafuta mahali pa kimya nisali. Hapakuwepo. Kando ya lile ziwa dogo watu walikuwa wanachota maji kwenye chupa, watoto wanalia, mtu anauza mishumaa, na simu yangu inatetemeka mkobani.

Nikaingia kwenye basilika. Altare yake iko pale alipochomwa Karoli Lwanga, kiongozi wa vijana Wakristo waliokataa kuikana imani yao, tarehe 3 Juni 1886, kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Lakini usiku ule mawazo yangu hayakuwa kwa Lwanga. Yalikuwa kwa Mbaga Tuzinde, mmoja wa vijana hao, aliyelelewa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Kwa siku zile ambazo vijana walikaa na minyororo wakisubiri kuni zikusanywe, wenzake walisali pamoja, Wakatoliki na Waanglikana. Yeye alisali huku ndugu zake wakimjia kumsihi: ikane imani tu, jifiche tu, sema neno moja urudi nyumbani. Adui wa mbali unamfungia mlango. Ndugu ana ufunguo. Na kijana yule hakupewa ukimya wowote wa kusalia. Alisali kelele zikiwepo, basi.

Nikapiga magoti. Nilianza na zile zaburi za kulaani, nikaziacha, si kwa utakatifu, bali usingizi ulinishinda katikati. Nilipoamka niliomba kitu kifupi: Mungu, nipe nisitetemeke mbele yao.

Misa ya tarehe 3 ilikuwa ndefu na jua kali. Ilipokwisha nilifungua simu. Shemeji alikuwa amebadilisha lugha. "Shemeji yangu, haya mambo ni ya nyumbani. Njoo Jumamosi kwa mzee tuyamalize sisi wenyewe, usisumbue watu."

Nikamwonyesha mwenyekiti. Akacheka kwa sauti, mama yule. "Hii ni bonde la Ono," akasema. Katika kitabu cha Nehemia, Sanbalati na wenzake, waliopinga ukuta wa Yerusalemu usijengwe, waliposhindwa kwa vitisho walimwita Nehemia kwa upole, mara nne, wakutane huko bondeni, na mara zote nne alijibu kwamba ana kazi kubwa, hawezi kushuka. Tena huyohuyo ndiye aliyemwomba Mungu na papo hapo akaweka walinzi usiku na mchana. Watu wengi wa sala wanaipenda sehemu ya kwanza, ya walinzi wanaiacha.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakataa mila inayomnyima mwanamke ardhi. Nilikuwa naijua. Nilikuwa tu naogopa kuitamka mbele ya wakwe.

Tulipopita Masaka nilimjibu: "Asante shemeji. Tutakutana mbele ya baraza la ardhi la kijiji, na majirani wa mipaka wakiwepo." Kisha nikachukua kalamu, nyuma ya karatasi ya nyimbo nikaanza kuandika majina ya mashahidi. Mwenyekiti alikuwa akichungulia begani.

"Na yule mzee wa bondeni umwandike," akasema. "Ndiye aliyepanda miti ya mpaka pamoja na marehemu. Nauli yake jumuiya tutatoa."