Kamera Ukingoni mwa Shimo

Nimeshinda leo nikipitia video nilizorekodi wiki hii kwenye uchimbaji ninaoutengenezea filamu, na jambo moja linazidi kunikaa moyoni: uchimbaji wa akiolojia haurudiwi. Mchimbaji akishamaliza tabaka moja na kushuka la pili, lile la juu halipo tena. Kinachobaki ni michoro, vipimo, madaftari, vigae vilivyotiwa mifukoni na kuandikwa namba, pamoja na picha. Harry Burton, aliyepiga picha kaburi la Tutankhamun, farao wa Misri ya kale, baada ya kugunduliwa mwaka 1922, alipiga vitu mahali vilipokutwa, vikiwa na kadi za namba pembeni, kabla havijasogezwa. Nami nataka kamera yangu ifanye kazi ya namna hiyo, iwe sehemu ya kumbukumbu ya shimo lenyewe.

Wiki hii nimetekwa na doa. Ni duara jeusi kwenye udongo mwekundu, upana wake kama shubiri. Huenda hapo palisimama nguzo: mti ukaoza, shimo lake likajaa udongo mwingine, rangi ikabaki. Madoa ya aina hiyo yakijipanga mstari, unaweza kuufuata ukuta wa nyumba ambayo haina hata kibanzi kilichosalia. Kwangu hilo linasisimua kuliko dhahabu.

Lakini kulipiga doa si rahisi. Jua la utosini hufifisha kila kitu. Kingo za mawe na mikwaruzo ya mwiko wa kuchimbia hutaka jua la asubuhi, linapopita chini na kuvuta vivuli virefu. Doa lenyewe hutaka kivuli kilichoenea sawasawa na udongo wenye unyevu kidogo, maana maji hukoleza rangi. Aliyelinyunyizia maji ni mchimbaji. Mimi sigusi kitu, wala sisogei ukingoni bila kuuliza, kwa sababu ukuta wa shimo ukimomonyoka, matabaka yanayosomwa pale yamepotea.

Sauti nayo inafundisha. Mwiko ukitoka kwenye udongo laini na kukuta sakafu iliyoshindiliwa, mlio hubadilika, na mchimbaji mzoefu husimamisha mkono papo hapo. Muziki ukiwekwa juu ya sehemu hiyo, mtazamaji hataelewa kwa nini mkono umesimama. Nimeiacha tupu.

Mara nyingi nawaza bonde la Olduvai, Tanganyika ya wakati huo. Tarehe 17 Julai 1959 mwanaakiolojia Mary Leakey aliliona fuvu likichomoza mtelemkoni. Yeye na mumewe Louis walimsubiri mpiga filamu Des Bartlett, ambaye walishakubaliana naye aje kurekodi uchimbaji, ndipo wakaanza kulifukua. Fuvu lile la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii iliyo karibu na binadamu, baadaye lilikadiriwa kuwa na umri wa takriban miaka milioni 1.75. Fikiria subira hiyo! Ila kuisubiri kamera ni jambo moja, na kumwomba mtu akifukie tena alichokwisha kukipata ili ashangae upya ni jambo jingine kabisa. Hilo la pili silitaki, hata kama tukio lenyewe limenipita. Bora anisimulie akiwa amekishika, mikono ikiwa bado na vumbi.

Sasa wanaakiolojia wawili wanabishana kuhusu doa letu. Mmoja anasema ni nguzo, mwingine anahisi ni mzizi wa mti uliooza. Nimewarekodi wote wawili na mabishano yao yataingia kwenye filamu, kwa kuwa hivyo ndivyo elimu hii inavyopatikana. Jumatatu watachimba nusu ya doa na kuiacha nusu nyingine, ili walione kwa ubavu. Shimo la nguzo aghalabu huwa na pande zilizonyooka na kitako, mzizi hupinda na kuchongoka. Nitaweka kamera moja juu na nyingine usawa wa ubavu huo, na nitarekodi tangu mwiko wa kwanza bila kukatiza, jibu liwe lolote.