Kama Ligi ya England Imeanza Kukuchosha

Shabiki akianza kuuchoka mpira, wenzake kwenye kibanda cha kutazamia mechi huwa na majibu mawili: kazeeka, au timu yake inafungwa. Siyaamini yote mawili. Wazee ndio wanaowahi viti vya mbele, na kuna watu wameshabikia timu za kufungwa tangu enzi za kusikiliza redioni na bado wapo. Anayechoka huwa kuna kitu kimemchosha, na inafaa akijue, maana dawa ya VAR, yaani ukaguzi wa refa kwa video, haitibu mkeka wa kubeti. Nazungumzia Ligi Kuu ya England kwa sababu ndiyo inayojaza vibanda umiza kila Jumamosi.

VAR iliingia England msimu wa 2019/20. Kisheria iliingia ikihusika na mambo manne tu: goli, penalti, kadi nyekundu ya moja kwa moja, na kadi kupewa mchezaji mwingine badala ya aliyekosa. Lakini goli likishakuwamo kwenye orodha, basi kila goli linakaguliwa, na shabiki ameshajifunza kutoshangilia. Nyavu zinatikisika, kibanda kizima kinamtazama mshika kibendera, kisha kinamtazama refa aliyeweka kidole sikioni. Ruhusa ya kufurahi ikija dakika mbili baadaye, watu wameshakaa.

Kuotea, yaani offside, ndiko kunakokera zaidi, na ukijua kulivyokuwa kunapimwa utaelewa kwa nini watu walikata tamaa. Mkaguzi alitafuta picha moja, ile ambayo mguu wa mpiga pasi umegusa mpira. Akachora mstari kwenye sehemu ya beki iliyo karibu zaidi na goli lake, kisha mwingine kwa mshambuliaji; mkono hauhesabiwi, bega linahesabiwa mpaka usawa wa kwapa. Sasa angalia hesabu yake. Kamera inayopiga picha 50 kwa sekunde inaacha sekunde 0.02 kati ya picha na picha. Mshambuliaji anayekimbia mita 8 kwa sekunde anasogea sentimita 16 katika muda huo, na kama beki naye anapanda kuelekea upande wa pili, pengo linakuwa kubwa zaidi. Goli lililokataliwa kwa kidole cha mguu lilikuwa linategemea ni picha gani imechaguliwa. Tangu Aprili 12, 2025 mistari inachorwa na kompyuta na kazi inakwenda haraka zaidi, ila kusubiri kupo palepale.

Mashine pia haiondoi kosa la binadamu. Septemba 30, 2023, Tottenham na Liverpool, goli la Luis Díaz lilikataliwa uwanjani kwa kuotea. Chumba cha VAR kiliona vizuri kabisa kwamba hakuotea, lakini waliokuwamo walidhani refa amelikubali goli, wakamwambia ukaguzi umekamilika. Mpira ukaanzishwa, na ukishaanzishwa sheria hairuhusu kurudi nyuma. Tottenham ilishinda 2-1. Juni 2024 klabu ya Wolves walipeleka hoja ya kuifuta VAR. Klabu 19 zikapiga kura ya kuibakiza, Wolves peke yao. Kwa hiyo usisubiri England ibadilike. Kama hiki ndicho kinachokuchosha, mechi za kawaida za Championship, daraja la pili la England, hazina VAR, na Sweden waliikataa mwaka 2024 kwa sababu wanachama wana kauli ya mwisho kwenye klabu zao. Angalia mechi mbili tatu za huko uone kama shangwe inarudi.

Mkeka ni jambo jingine kabisa, na nadhani ndio umewamaliza wengi zaidi, ingawa wachache wanakubali. Chukua mechi yenye odi, yaani namba ya kuzidisha dau lako ukipatia, 2.00 kwa wenyeji, 3.40 sare, 3.60 kwa wageni. Gawanya 100 kwa kila namba: unapata 50, 29.4 na 27.8. Jumla ni 107.2. Hiyo 7.2 iliyozidi mia ndiyo ulaji wa kampuni. Maana yake, katika kila shilingi 1,000 zinazowekwa kwenye mechi kama hiyo, wastani wa zinazorudi ni kama 933. Haionekani mbaya, mpaka uunganishe mechi 10: makato yanazidishana, na wastani unashuka hadi kama shilingi 500, kabla ya kodi. Hata ukiokota timu 10 ambazo kila moja ina asilimia 70 ya kushinda, nafasi ya zote kutiki ni asilimia 2.8, yaani takriban mkeka mmoja katika 35.

Fedha ni nusu ya hasara. Aliyebeti magoli zaidi ya 2.5, yaani matatu au zaidi, yupo pale anahesabu tu; dakika ya 60 ikiwa 0-0 kwake mechi imeharibika, hata kama viungo wanacheza mpira wa kusimulia wajukuu. Mkeka ukichanika Jumamosi saa 10 alasiri, mechi zote zilizobaki wikendi hiyo zinakuwa kero.

Kujipima si kazi ngumu. Kaa wikendi nne bila kubeti, lakini idadi ya mechi iache ilivyo. Wengi hukosea hapa kwa kuacha vyote kwa pamoja, kisha hawajui nini kilikuwa kinawachosha. Toa salio lote kwanza, halafu omba huduma kwa wateja wakufungie akaunti. Salio dogo lililobaki ndilo linalokurudisha, pamoja na ujumbe wa bonasi Ijumaa jioni. Wikendi mbili za mwanzo mpira utaonekana hauna chumvi. Kama wikendi ya nne bado uko hivyo, basi ulichokuwa unakipenda ni mkeka wenyewe.

Ratiba nayo imevimba. Ligi ya Mabingwa Ulaya ilikuwa na timu 32 na mechi 125. Tangu msimu wa 2024/25 ina timu 36 na mechi 189. Majira ya baridi mechi zake nyingi zinaanza saa 5 usiku kwetu na kumalizika karibu saa 7, siku ya kazi. Kombe la Dunia la Klabu la 2025 lilikwisha Julai 13, ligi ya England ikaanza Agosti 15. Kombe la Dunia la 2026 lilipangiwa mechi 104 badala ya 64. Hamu inahitaji muda wa kukosa, na muda huo wameuuza. Hapa kata bila huruma: hatua ya kwanza ya Ligi ya Mabingwa chukua usiku wa mwisho tu, ambapo mechi zote 18 zinachezwa kwa wakati mmoja na msimamo unageuka kila dakika, kisha rudi robo fainali. Hutakosa kitu cha maana, labda utani wa kazini asubuhi.

Kuna uchovu mwingine ambao sina dawa yake, nao ni wa vitabu vya hesabu. Mchezaji akinunuliwa pauni milioni 50 kwa mkataba wa miaka 5, klabu inaandika gharama ya milioni 10 kila mwaka. Akiuzwa baada ya miaka 2 kwa milioni 40, faida inayoandikwa ni milioni 10 tu, kwa kuwa vitabuni bado ana thamani ya 30. Kijana wa akademi thamani yake vitabuni ni sifuri. Akiuzwa milioni 25, zote ni faida. Ndiyo maana mtoto wa nyumbani, yule shabiki anayemwona ni wake, anakuwa wa kwanza kuwekwa sokoni klabu ikibanwa na kanuni za matumizi. Scott McTominay, aliyelelewa Manchester United tangu utotoni, aliuzwa Napoli Agosti 2024. Msimu huohuo Napoli wakatwaa ubingwa na yeye akawa mchezaji bora wa ligi ya Italia. Na msimamo wenyewe wa ligi siku hizi unasubiri rufaa: Everton walikatwa pointi 10 Novemba 2023 kwa kuvunja kanuni hizo, zikapunguzwa kuwa 6 Februari, wakakatwa nyingine 2 Aprili.

Wanaosema turudi ligi ya nyumbani wana hoja, ila wasiipambe. Dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga, ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku hiyohiyo na kuchezwa Juni 25. Aliyepanda basi kutoka mkoani anajua ilivyouma.

Mimi ningeanzia mchangani. Runinga inaufuata mpira, kwa hiyo nusu ya mchezo huioni: beki wa kulia anayepanda kabla pasi haijafikiriwa, namba sita, kiungo mkabaji, anayetazama nyuma mara mbili kabla ya kupokea. Usisimame pembeni katikati ya uwanja kama kila mtu. Simama nyuma ya goli, upande mmoja wa mlingoti, mita 10 hivi nyuma ya mstari. Utaona mabeki wanne wakisogea pamoja, utamsikia kipa akiwapanga kwa majina, na utajua nani amechelewa kupanda akamwacha mshambuliaji asiotee. Chagua mchezaji mmoja asiye na mpira, mfuatilie dakika 10, kisha badilisha.

Ukirudi kwenye runinga na bado haikuvuti, shusha kifurushi ubaki na cha bei ya chini. Hata mwenye hamu zote, ligi ikiisha Mei hana sababu ya kulipia cha michezo mpaka irudi Agosti.